Ngoma Isiyo na Mpigaji

Akinyi nyara, binti yangu,

Mama yako amekuchukua kwenda sokoni Kibuye kununua godoro, na nimemwomba asiharakishe kurudi. Abishane bei na kila muuzaji, kazi ambayo yeye hahitaji kuombwa mara mbili. Kwa hiyo mchana huu nyumba ni yangu. Mlango nimeufunga, karatasi nimeibana kwa bakuli la sukari upande mmoja na kiwiko upande wa pili. Ukiona herufi zimeruka mstari, usidhani baba yako ameanza kulewa uzeeni. Soma pole pole, maana na mimi nimeandika pole pole.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wa chumba wala za kula vizuri. Hayo Mama yako amekusomea tangu mwezi uliopita, na nyumba ya Mmaragoli na Mjaluo haijawahi kupungukiwa maagizo. Tunayatoa kwa Kiswahili ili yamfikie kila mtu. Kesho asubuhi unaondoka kwenda chuoni Eldoret, na kuna jambo moja sitaki likukute huko kwa mdomo wa mtu mwingine. Lilikuwa kwa mama yangu, liko kwangu, na huenda liko kwako. Jumapili tulipotoka kanisani nilianza kukuambia. Ukasema, "Baba, umechoka, kaa kwanza." Nikakaa, na maneno yakakaa pia.

Hii mikono yangu inayoruka, na hili bega, uliambiwa ni uchovu wa kusimama kinyozini miaka yote. Si uchovu. Daktari ameniandikia jina lake kwenye karatasi: chorea. Linatamkwa kama ile nchi ya Korea, na Mama yako alipolisikia alisema basi wenyewe waje walichukue. Tulicheka sana siku hiyo, tukiwa bado hatujaelezwa.

Niliporudi kwa daktari nilimwuliza neno hilo maana yake ni nini. Ni mama wa makamo, mpole, hapendi maneno mengi.

"Ni la Wagiriki wa zamani," akasema. "Maana yake ni kucheza ngoma."

Nadhani uso wangu ulibadilika, kwa sababu aliweka kalamu chini. "Kuna shida, Mzee?"

"Nani aliupa ugonjwa jina kama hilo?"

"Waliona wagonjwa wanarusha mikono na miguu, wakaona ni kama wanacheza. Hata hili neno letu kwaya, ukilifuata nyuma sana, linatoka kwa ukoo huo huo. Huko Ulaya watu walikuwa wanapeleka wagonjwa wao kwa kanisa la mtakatifu fulani, wamwombe awaondolee hiyo ngoma."

Akinyi, nilikuwa sijamwambia huyo mama neno hata moja juu ya mama yangu. Hakuna Mgiriki aliyewahi kufika Usenge, kule kwetu ziwani. Hata hivyo walichokisema wao ndicho kilichosemwa pwani yetu nikiwa mtoto, kwa Kijaluo, na watu ambao hawakuwa na kitabu cha dawa. Nilihisi baridi shingoni, mchana, katika joto hili la Kisumu.

Dani wako, mama yangu, hukumjua. Tulikuambia alikufa kwa malaria kwa sababu malaria haiulizwi maswali. Sasa nikuambie.

Alikuwa anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, pale Usenge kama wanawake wengine, mwepesi, mwenye mdomo mkali, na alikuwa akinitania kwamba nina masikio ya kunyimia watu upepo. Ilianza kwa vitu vidogo. Beseni lilimponyoka. Kisha vidole vyake vikawa vinachezacheza akiwa ameketi tu, kama mtu anayechambua mchele ambao haupo. Kisha bega. Lilipanda, likakaa juu kidogo kana kwamba limesahau kushuka, halafu likashuka. Baadaye miguu nayo ikaanza, akawa anatembea kama mtu anayekanyaga ngazi ambazo sisi wengine hatuzioni.

Watu wa pwani hawakukawia kupata jibu. Walisema ni juogi, pepo wa ziwa, amempanda. Usifikiri walimtenga. Walimheshimu kuliko walivyowahi kumheshimu akiwa mzima. Wavuvi wa omena, kabla ya kutoka jioni na taa zao, walianza kupita kwetu. Walisimama mbele yake kimya, kofia mkononi, wakisubiri. Mkono wa kulia ukiruka kwanza, mashua zilikwenda upande wa kulia wa pwani. Wa kushoto ukiruka, zilikwenda kushoto. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, ndiye aliyesimama kando akitangaza ni mkono upi, maana wakati mwingine yote miwili iliruka karibu pamoja na ilibidi mtu aamue. Asubuhi samaki waliletwa mlangoni kwetu. Kilichonitisha hata nikiwa mdogo ni kwamba kwa muda mrefu samaki walikuwa wanapatikana kweli.

Na watu walipomtazama, mikono ilizidi. Hilo lilikuwa ushahidi mkubwa kwao: wakija, pepo anaamka. Leo daktari ananiambia ndivyo ugonjwa ulivyo, mtu akitazamwa na akiingiwa na wasiwasi, mikono huzidi. Lakini pale ilionekana kama kitu fulani kinawaona wakija.

Nikuambie kilichonitisha zaidi ya kutikisika kwake. Ni kutulia. Alipolala baada ya chakula cha mchana, kila kitu kilisimama. Vidole, bega, miguu, hata ule uso uliokuwa ukikunjwa na kukunjuliwa siku nzima. Nilikuwa namsogelea nikamwekea kiganja karibu na pua nisikie pumzi. Watu walisema akilala pepo amerudi majini kuoga. Mimi nilikaa pale nikichunga mlango, nikiangalia njia inayotoka ziwani, nione kama kuna kitu kinakuja. Kisha nyuma yangu nilikuwa nikisikia mkeka unakwaruzwa, nikajua kimerudi, na sikuwa nimeona kitu kikipita.

Siku moja nilimwuliza. Nilikuwa na umri wa kuuliza mambo bila kuogopa jibu. "Mama, unacheza ngoma gani?"

Aliniangalia kwa utulivu, mikono yake ikienda huku na huku. "Mimi sichezi," akasema. "Mimi nimeketi tu humu ndani, mwanangu. Hawa wanaocheza hata siwajui."

Neno hilo sikulielewa. Nalielewa sasa, na ningependa sana nisilielewe.

Halafu kukawa na mashua moja iliyokwenda upande alioonyesha, upepo ukageuka, haikurudi. Wale wale waliokuwa wakileta samaki walianza kupita mbali na nyumba yetu. Wengine wakaanza kusema ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, na kwamba inaambukiza boma zima. Baba mdogo akaogopa jina lake lisichafuke, akaamua pepo apigiwe ngoma yake hadharani aseme anataka nini. Wakamleta mpiga ngoma kutoka upande wa Sondu, mtu mwembamba aliyesifiwa kwamba hakuna pepo aliyewahi kumshinda.

Ilikuwa mchana, jua kali. Walimketisha mama mkekani katikati ya uwanja, watu wakajaa mpaka kwenye vichaga vya kuanikia omena. Ngoma ikaanza, naye akainuka. Watu wakashangilia kwa sababu alikuwa anaifuata ngoma barabara, mguu kwa mguu, pigo kwa pigo. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mpiga ngoma, na kutoka pale niliona ambacho waliokuwa mbele hawakukiona. Yule mtu hakuwa akimchezesha mama. Alikuwa amemkazia macho miguuni. Mguu ukishtuka, anapiga. Bega likiruka, anapiga. Alikuwa anamkimbiza, jasho linamtiririka, na hampati.

Mwishowe alichoka, akaacha. Mama akaendelea. Hakukuwa na ngoma, hakukuwa na wimbo, ni vumbi tu na nyayo zake, na ule mkono wa kushoto ukipanda na kushuka kana kwamba anawapungia watu walio majini. Watu kadhaa waligeuka kutazama ziwani. Na mimi niligeuka. Mpiga ngoma aliweka fimbo zake chini taratibu akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Huyu anasikia nyingine." Akabeba ngoma yake akaenda bila hata kunywa chai. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, akina mama wakiwaziba watoto macho. Tulibaki sisi wawili, nikamshika kiuno, nikamrudisha ndani. Nilikuwa nalia kwa hasira, sijui hasira ya nani.

Mjomba wangu alitutoa pale tukaja kukaa naye hapa Obunga. Hapa watu wana shughuli zao, walimwita mlevi wakaendelea na safari. Unaweza kucheka, lakini mama alilipenda hilo. Alisema heri aitwe mlevi kuliko aulizwe samaki wako wapi. Alikufa akiwa amelala, kwa hiyo alikufa ametulia, na nilichelewa kujua kwa sababu utulivu wake wa usingizini nilikuwa nimeuzoea.

Basi nilikua nikidhani jambo hilo limezikwa naye. Nikajifunza kunyoa, nikafungua kinyozi, nikamwoa Mama yako, ukazaliwa wewe asubuhi moja ukapewa jina lako. Sikumficha Mama yako kitu, nilimwambia yote kuhusu pepo na mashua. Alisema kwao Maragoli pia kuna watu wa ajabu, nipunguze maringo.

Unavijua vile vioo viwili vya kinyozi changu, kimoja mbele ya mteja na kimoja nyuma ili aone kisogo. Mwaka juzi nilikuwa namnyoa mwalimu mmoja wa hapa karibu, wembe mkononi, nashughulikia nyuma ya sikio. Nikainua macho. Kwenye kioo, nyuma ya kichwa cha mwalimu, mama yangu alikuwa amesimama. Ni lile bega. Lilipanda, likakaa juu kidogo, likashuka. Niligeuka nikatazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Nikarudisha macho kwenye kioo, bega likapanda tena, na ndipo nilipoona limevaa shati langu.

"Kinyozi," mwalimu akasema, "hapo umeniguza."

Ilikuwa damu kidogo tu. Nilimpaka spiriti, nikaomba radhi, nikafunga mapema.

Baada ya hapo nilifanya ujinga wote wa mtu anayejua na hataki kujua. Nilitembea mkono mfukoni. Nilisema ni baridi, nikasema ni kahawa, nikamlaumu fundi wa umeme kwamba mashine inanitetemesha. Nilikwenda kwa maombi ya mhubiri mmoja mgeni, akaniwekea mkono kichwani akaamuru pepo acheze atoke, waumini wakaanza kupiga makofi. Makofi yakawa yanafuata bega langu. Niliyasikia yakinikimbiza. Niliondoka katikati ya maombi, na Mama yako alinifuata viatu vyangu mkononi mwake bila kuuliza kitu. Kesho yake ndiye aliyenipeleka hospitalini.

Na siku ile nilipoitupa sahani ukutani kwa sababu ya chumvi, ukalia, ukaenda kulala bila kula. Daktari anasema hasira za namna ile nazo huja na ugonjwa huu. Nilifurahi kusikia, siwezi kukudanganya. Lakini mkono uliotupa sahani siku hiyo haukuwa ukiruka, niliutuma mimi. Pole sana, nyara.

Sasa sikiliza linalokuhusu. Ugonjwa huu hauko ziwani wala hautumwi na mtu. Uko damuni, mzazi humwachia mtoto. Kila mtoto wa mtu aliye nao ana nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi juu: ama ameupata, ama hakuupata. Asiyeupata umeishia kwake, na watoto wake wako salama. Aliyeupata, kwa kawaida huja ukubwani, kimya kimya, wakati ameshajenga maisha. Wa kuuondoa hayupo. Dawa za kutuliza mikono zipo, ndizo zile unazoniona nikimeza ukidhani ni za presha. Damu yangu ilichukuliwa hapa, ikapelekwa Nairobi, na kutoka huko sijui ilisafiri wapi; imefika mbali kuliko mwenyewe. Jibu lilikuja kwamba ninao.

Kipimo hicho na wewe unaweza kukifanya. Nilimwuliza daktari kama naweza kukuleta. Akanikatalia palepale. "Huyo ni mtu mzima, Mzee. Ni yeye aamue, na aongee kwanza na mtu anayejua mambo haya. Kuna wenye wanataka kujua, na kuna wenye hawataki mpaka mwisho. Wote wako sawa." Nilimkasirikia. Nilitaka aniambie lililo bora, na nikagundua lililo bora halipo kwenye kabati lake.

Mimi mwenyewe sijui ningechagua nini nikiwa na umri wako. Kuna siku nadhani ningetaka kujua, nipange mambo yangu. Siku nyingine nafikiri juu ya miaka niliyonyoa watu nikiimba, nikakuzaa wewe, nikagombana na Mama yako juu ya rangi ya pazia, nikiwa sijui, na nasema asante Mungu kwa kutojua. Ningejua, huenda ningeogopa kukuzaa. Hilo ni jambo ambalo nikilifikiria mchana kweupe hivi bado nywele zinanisimama, kwamba kuna nyumba hii hii bila wewe ndani yake, na mimi nimo, nimekaa salama.

Nina jambo moja zaidi la kukuambia, na ni la aibu. Tangu jibu lije, nakuangalia vidole. Ukishika kikombe naangalia. Ukiimba kwaya, wenzangu wanasikia sauti yako, mimi niko kwenye mikono iliyoshika karatasi ya nyimbo. Glasi ilipokuponyoka ile Jumatatu, nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka moyo ulipotulia. Na juzi ulikuwa jikoni umenipa mgongo, ukisubiri maji yachemke, na nikaona vidole vya mkono wako wa kushoto vinacheza mezani. Vilikwenda, vikasimama, vikaenda tena. Bega likapanda. Nilisimama mlangoni sipumui. Kisha uligeuza kichwa kidogo nikaona vile vidude vyako vya kusikilizia muziki masikioni. Nilifurahi, nikakaa chini palepale kwenye gunia la makaa. Ukacheka, ukaniuliza tangu lini makaa yamekuwa mafuta ya kupaka suruali. Lakini nilipokuwa nimekaa pale, wazo likaja lenyewe: na siku atakapovitoa masikioni, vidole vikaendelea?

Ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimesimama mbele ya binti yangu kama wale wavuvi, kofia mkononi, nasubiri mkono upi utaruka. Sitaki uishi na mtu wa namna hiyo ndani ya nyumba, na nimefurahi kwamba unaondoka. Nalia nikiandika hivyo, lakini nimefurahi.

Eldoret nako utaangusha vitu. Kila mtu huangusha vitu. Utajikwaa, jicho litakucheza, utaamka mguu umekufa ganzi, na hofu itakuja kukuuliza kama ndio ugonjwa wenyewe. Usiijibu haraka. Watu wa kwetu walikuwa na haraka ya jibu, wakapeleka mashua nzima ya vijana kufuata mkono ambao haukuwa unaonyesha kitu. Na kama kutakuwa na kijana, na mambo yakafika mahali pa kusema, mwambie mapema, kwa maneno machache. Anayefaa atasikia, kisha atauliza utakula nini jioni.

Ukiamua kutojua, mimi sitakuuliza kamwe, na Mama yako nimemwapisha, ingawa yeye kunyamaza ni kazi ngumu kuliko yangu ya kunyoa. Hatutakutazama vidole ukija Krismasi. Nitajitahidi, na ukinikamata nachungulia, nigombeze mbele ya watu.

Ukiamua kujua, usiende kuchukua jibu peke yako. Nipigie simu. Unajua tangu nifunge kinyozi sipandi gari la watu, na kesho nilipanga kukuagia hapa mlangoni kwa sababu ya macho ya watu pale stendi. Kwa jibu lako nitapanda. Nitashuka Eldoret hivi nilivyo, bega linaruka, miguu inakwenda kwa hesabu zake, watoto wa mtaani watatufuata wakiniigiza nyuma, na huenda wanafunzi wenzako watakuwa wamesimama hapo wakituona. Utauliza moyoni kama useme ni baba yako. Wewe njoo tu, ushike mkono ule unaoruka zaidi, ushikilie kwa nguvu, na tuingie ndani.

Baba yako